Mtajwa Hapo Juu Ni Mkazi wa Mtaa Huu

Kwa miaka mitano niliiandika sentensi hiyo mara nyingi hadi mkono ukazoea kuikimbiza macho yakiwa kwingine. "Mtajwa hapo juu ni mkazi wa mtaa huu na tunamtambua. Tafadhali apewe msaada anaostahili." Juu yake jina, chini yake tarehe, saini ya mwenyekiti na muhuri wa bluu ambao, kwa kuwa kidau cha wino kilikuwa kimekauka, mara nyingi ulitoka nusu. Benki iliitaka barua hiyo kabla ya kufungua akaunti, na polisi waliitaka kwa mtu aliyekuja kumdhamini ndugu yake. Aliyeomba kitambulisho cha taifa aliambiwa aanzie kwetu, vivyo hivyo aliyeomba pasipoti, aliyefungua mirathi, na akina mama wa kikundi waliotaka mkopo wa halmashauri. Mimi nilikuwa mwalimu mstaafu na mwandiko wangu unasomeka, na sidhani kama kulikuwa na sababu nyingine iliyoifanya kamati ya mtaa, siku ya kikao chetu cha kwanza, inikabidhi kalamu.

Watu wakiniuliza kamati ya mtaa hufanya kazi gani, hutarajia niwatajie mitaro, taka na ulinzi wa usiku. Hayo yapo, nami nitayagusa. Lakini tangu nilipomaliza muda wangu na kukaa pembeni nikiyatafakari, nimefika mahali pa kuamini kwamba kazi yenyewe hasa imo katika kitenzi kimoja cha barua ile, yaani kumtambua mtu. Baraza la majirani, liitwe kwa jina lolote, ni chombo cha ushahidi. Hushuhudia nani anakaa wapi, mpaka ulipita wapi, nani ni mtoto wa nani, na nani amekufa akiwa anadaiwa. Likiwa na watu wanaojua, mengi huwezekana hata kama hakuna fedha, na likianza kushuhudia lisiyoyajua, muhuri wake unageuka kuwa hatari kwa wale wale linaowatumikia.

Ofisi yetu ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya kupangisha. Nje palikuwa na benchi ya mbao tuliyopewa na mtu aliyefunga baa yake, ikiwa bado na alama za vizibo vya chupa vilivyopigiliwa pembeni kama mapambo. Ndani mlikuwa na meza moja, viti vya plastiki, na kabati la chuma lenye milango miwili, mmoja ukifungwa kwa ufunguo na mwingine kwa kamba ya katani. Humo ndimo zilimokaa kaunta buku zetu: moja ya muhtasari wa vikao, moja ya mashauri, moja ya michango, na nne za daftari la wakazi. Daftari hilo lilipigwa mistari kwa rula, safu kwa safu: jina, nyumba, mwenye nyumba, idadi ya watu, alikotoka, simu, tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka. Naomba msomaji azikumbuke safu hizo.

Kisheria sisi tulikuwa wadogo kuliko watu walivyodhani. Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 145 na 146, inasema Serikali za Mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi, na sheria mbili za mwaka 1982, ya 7 kwa wilaya na ya 8 kwa miji, zikayagawa madaraka hayo. Ila mgawo haukuwa sawa. Halmashauri ya kijiji ni mtu mbele ya sheria: inamiliki mali, inashtaki na kushtakiwa, na inatunga sheria ndogo. Kamati ya mtaa wa mjini haina hata kimoja kati ya hivyo. Inakusanya maoni, inapendekeza, inapeleka kwenye kamati ya maendeleo ya kata, kisha inasubiri. Mkutano mkuu wa mtaa wetu uliwahi kupitisha kwa kauli moja kwamba magari ya mchanga yasipite njia ya shule wakati wa masomo, na yakaendelea kupita kama yalivyokuwa yakipita, kwa sababu dereva aliyesimamishwa aliuliza swali ambalo hakuna kati yetu aliyekuwa na jibu lake: "Sheria namba ngapi, mzee wangu?"

Wala hatukulipwa. Mwenyekiti alipata posho pale halmashauri ilipokuwa nayo, mtendaji wa mtaa ni mwajiriwa na ana mshahara wake, lakini sisi wajumbe tulirudi nyumbani na vumbi tu. Masharti ya kugombea yanamtaka mgombea awe na shughuli halali ya kumwezesha kuishi, na kila nilipoyasoma nilicheka, maana ni njia ya adabu ya kukwambia kwamba huku hutapata chakula. Kwa hiyo kamati za mitaa hujaa watu wa aina yangu, wastaafu wenye pensheni ndogo na muda mwingi, wenye maduka wanaoweza kumwachia mtoto kaunta, na mama wa nyumbani ambao tayari wanajua kila msiba. Kijana anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi daladala hawezi kukaa katika kikao cha saa tisa mchana. Sitaki kusema kwamba kujitolea kunachuja watu wabaya, hapana, kunachuja watu wasio na nafasi, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Msemo wa kwanza ambao kila aliyefika ofisini aliusikia haukuwa wetu. Mwenyekiti alimtazama juu ya miwani na kuuliza, "Mjumbe wako nani?" Swali hilo lina umri mkubwa kuliko mtaa wenyewe. Miaka ya kwanza ya 1960 TANU, chama kilichotawala wakati huo, iliwapanga wanachama na majirani zao katika mashina ya nyumba kumi kumi, kila shina na mjumbe wake, ambaye wengine humwita balozi. Mjumbe alisuluhisha ugomvi wa mume na mke, alipokea mgeni na kumwandika, alipeleka habari juu na kuzishusha chini. Wakati wa uhaba, baada ya vita vya Kagera, yeye ndiye aliyejua nyumba ipi ina midomo mingapi, kwa hiyo sukari, sabuni na khanga zilipofika hesabu ilianzia kwake. Vyama vingi viliporuhusiwa mwaka 1992 mashina yalibaki kuwa ya chama kimoja, CCM iliyoirithi TANU, na serikali za mitaa zikawa na uchaguzi wao kuanzia 1994. Kwenye karatasi mambo hayo mawili yalitenganishwa. Barazani hayakutenganishwa hata kidogo, kwani mtu anayejua nani amelala wapi hawezi kufutwa kwa sheria.

Nao ujuzi huo haukuwa wa upole siku zote. Mwaka 1983 ilipokuja kampeni ya Nguvu Kazi, wasio na ajira inayotambulika wakawa wanakamatwa Dar es Salaam na kupelekwa vijijini, aliyeweza kusema "huyu ana kazi" ndiye huyo huyo aliyeweza kusema "yule hana." Nilikuwa mwalimu kijana wakati huo. Nakumbuka jinsi watu walivyomwamkia mjumbe wao wiki zile: shikamoo ndefu, ya kuinama, hata kutoka kwa watu waliomzidi umri.

Jirani zetu wameipitia njia hiyo hiyo kila mmoja kwa mguu wake. Zanzibar kazi ya kuwatambua watu iko kwa sheha, ambaye anateuliwa, hachaguliwi. Kenya ililichukua jina la Nyumba Kumi mwaka 2013, baada ya shambulio la Westgate, na kulielekeza kwenye usalama. Lakini mfano ninaoupenda ni wa Uganda. Mabaraza ya LC1, yaani ya ngazi ya chini kabisa, ya kijiji, ambayo chanzo chake ni mabaraza ya mapambano (Resistance Councils) yaliyoenezwa baada ya Museveni kuingia madarakani mwaka 1986, yalifanyiwa uchaguzi mwaka 2001, na mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ikasema hayakuwa halali kwa kuwa yalipatikana chini ya mfumo usio wa vyama. Uchaguzi mpya haukufanyika hadi Julai 2018, watu wakijipanga mstari nyuma ya mgombea wao. Kwa miaka hiyo yote kumi na zaidi wenyeviti waliokwisha kuambiwa kwamba si halali waliendelea kuandika barua na kugonga mihuri, na watu wakaendelea kupanga foleni kwao. Mwanasheria ataliita jambo hilo kasoro. Mimi naona watu walikwenda kwa aliyewajua.

Ushahidi mzuri niliowahi kuuona ulitolewa na bibi kizee mmoja aliyeletwa ofisini akiwa ameshikwa mkono na mjukuu. Majirani wawili walikuwa wanagombea upana wa hatua mbili kati ya nyumba zao. Mmoja alikuwa amechimba msingi wa ukuta, mwingine amelala ndani ya msingi huo usiku kucha ili usimwagwe zege. Hakuna kati yao aliyekuwa na hati, mmoja akiwa na leseni ya makazi ya zamani na mwingine karatasi ya mauziano ya mwaka 1991 yenye saini za mashahidi watatu ambao wote wamekwisha kufa. Tungeweza kuwapeleka baraza la kata, na kwa miaka ile baraza lilikuwa bado na uwezo wa kuamua. Tangu marekebisho ya 2021 kazi yake katika migogoro ya ardhi ni kusuluhisha tu. Badala yake mwenyekiti alimwomba bibi awaonyeshe.

Tukatoka wote. Bibi alitembea polepole hadi nyuma ya nyumba, akaomba kiti, akakaa, akanyoosha fimbo yake. "Hapa palikuwa na minyaa. Ilianzia pale penye tangi la maji, ikapinda. Haikunyooka, nawaambieni, ilipinda hapa kwa sababu marehemu mume wangu hakutaka kukata mkwaju." Hakukuwa na mkwaju. Kijana mmoja akachukua jembe na kuchimba pale fimbo ilipogusa, na baada ya kina cha mkono mmoja likagonga kisiki kilichooza. Yule aliyelala msingini akaanza kupangusa suruali yake. Niliandika muhtasari papo hapo, nikiwa nimeliegemeza daftari kwenye goti, wote wawili wakatia saini na bibi akatia dole gumba. Hakuna aliyelipa kitu, isipokuwa mmoja alimnunulia bibi soda, naye akaipeleka nyumbani bila kuifungua.

Sasa na lile baya, ambalo ni langu mwenyewe. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam imejengwa kwenye viwanja visivyopimwa, na mahali kama hapo mauziano huaminika kwa sababu ofisi ya mtaa imeshuhudia na kugonga muhuri. Mitaa mingi ilizoea kudai asilimia 10 ya bei kwa kazi hiyo, tozo ambayo sijawahi kuonyeshwa kifungu chake. Kwetu haikuitwa hivyo, iliitwa "mchango wa ofisi." Siku moja mtu ninayemheshimu alimleta mtu anayemheshimu yeye, akiwa na mnunuzi, na akaniambia, "Mwalimu, huyu ni wa nyumbani, kiwanja ni cha baba yake." Niliandika kwamba tunamtambua. Nilichokuwa namtambua ni yule aliyemleta. Miezi kadhaa baadaye akaja mnunuzi mwingine na karatasi ya kiwanja hicho hicho, ya tarehe ya nyuma, nayo ina muhuri wetu, umetoka nusu kama kawaida yake, na mwandiko ulikuwa wa mjumbe mwenzangu. Wanunuzi wawili wakakaa kwenye benchi ile ya baa, wameacha nafasi kati yao, kila mmoja ameshika karatasi halali kutoka ofisi moja. Muuzaji hakupatikana nyumbani kwao wala popote. Shauri lilikwenda mbele kwenye vyombo vya juu, nami nikaitwa kueleza nilimjuaje mtajwa hapo juu. Nilisema kweli. Haikunipa sifa.

Tangu siku hiyo nimekuwa mgumu kwa hoja kwamba tatizo la mitaa ni posho. Posho ni haki na ingetolewa. Mtu anayeamshwa saa nane usiku kwa ajili ya wizi wa betri ya bajaji anastahili hata fedha ya vocha. Lakini siku ile hakuna aliyenihonga. Nilichoka, foleni ilikuwa ndefu, na kumwambia mtu mzima "sikujui" ni maneno mazito kwa lugha yetu, karibu sawa na tusi. Kamati yetu ilikuwa na wajumbe wa vyama viwili, kwa kuwa uchaguzi wa Desemba 2014 uligawanya kura za mtaani petu, na kwa miaka mingi niliwaona wale wa upande wa pili kama wasumbufu. Mmoja wao alikuwa na tabia ya kuuliza, kila jina lilipotajwa, "Nani anamfahamu huyu, na amemfahamu wapi?" Siku ya kiwanja hakuwapo. Mwaka 2019 vyama vikubwa vya upinzani vilipojitoa na chama tawala kikatangazwa kushinda zaidi ya asilimia 99 ya mitaa, wengi walizungumzia demokrasia, na walikuwa na haki. Mimi nilifikiria zaidi kile kiti ambacho sasa hakitakuwa na mtu wa kuuliza swali lile.

Juu ya taka na ulinzi sina mengi. Kaya zilichanga elfu mbili kwa mwezi kwa ajili ya vijana wa ulinzi shirikishi, nusu wakalipa, vijana wakalinda nyumba zote sawasawa kwa kuwa giza halina risiti. Mkandarasi wa taka alikuja alipopenda. Mtaro tulichimba wenyewe Jumamosi tatu, na mvua ya masika ikatuonyesha kwamba tulichimba kuelekea kwa mwenyekiti.

Mkutano ninaotamani kila anayedharau mabaraza haya angeuona ni ule wa TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Utaratibu wa kuandikisha kaya maskini kwenye mpango wa ruzuku unataka majina yatajwe na wananchi wenyewe hadharani, kisha kaya zihojiwe, kisha majina yarudi tena mbele ya mkutano. Fikiria ugumu wake: watu mia mbili chini ya mwembe, wakiulizwa kwa sauti nani kati yao ni maskini kuliko wengine. Wa kwanza kutajwa waliinama. Kuna waliojitaja wenyewe wakachekwa, mmoja kwa sababu mlangoni kwake palikuwa na friji ya kuuzia barafu, japo yeye alisema haikuwa yake. Jina la mama mmoja mjane lilipokuja, sauti kutoka nyuma ikapinga: "Huyo mwanawe yuko Muscat, anamtumia hela." Pakawa kimya. Mama mwenyewe hakujibu. Aliyejibu ni jirani yake wa chumba cha pili, mwanamke asiyesema kwenye mikutano, akasimama na mtoto mgongoni. "Anamtumia lini? Mimi ndiye ninayempa unga. Huyo mtoto hajapiga simu tangu Ramadhani ya mwaka juzi." Alikaa. Mtendaji aliandika jina. Hakuna fomu ambayo ingeweza kuuliza swali hilo, na hakuna ofisa kutoka wilayani ambaye angelipata jibu lake, kwa sababu jibu lilikuwa kwenye bakuli la unga linalopita kati ya milango miwili.

Kinachonitia wasiwasi ni kwamba milango hiyo inazidi kuwa mingi na watu wanaojuana wanazidi kuwa wachache. Sensa ya 2012 iliwahesabu wakazi 4,364,541 katika mkoa wa Dar es Salaam, na ya Agosti 2022 ikawahesabu 5,383,728. Zaidi ya watu milioni moja wameongezeka kwa miaka 10, na wengi wa wale ninaowaona wanapanga. Mpangaji analipa kodi ya miezi sita kupitia dalali, mwenye nyumba anaishi wilaya nyingine au hata mkoa mwingine, na muda ukiisha godoro linapandishwa kwenye bajaji usiku, kimya kimya. Daftari letu lilikuwa na safu ya tarehe ya kutoka ambayo karibu kurasa zote ilikuwa nyeupe, si kwa sababu watu hawakutoka. Mikutano yetu ya hadhara ilijaa wenye nyumba. Mpangaji aliyekuja alikaa nyuma, akasikiliza habari za mpaka wa ukuta usiomhusu, na hakurudi. Nikiwa mkweli, hatukumwalika. Tuliongea kama wenyeji wa kijiji kilichomezwa na mji, na bado tukaandika "mkazi wa mtaa huu" kwa watu ambao mtaa haukuwahi kuwauliza jina.

Mwaka 2022 zikaja anwani za makazi. Kila nyumba ikapata namba, kila njia ikapata kibao, na simu inaweza kumfikisha mgeni mlangoni bila kuuliza dukani. Nililifurahia jambo hilo na bado nalifurahia. Gari la wagonjwa sasa linafika. Lakini namba hujua nyumba, haimjui aliyelala ndani, na kila ninaposikia kwamba barua yetu ya utambulisho itatoka kwenye mfumo bila mtu kufika ofisini, najiuliza ni nani atakayekuwa ameulizwa.

Nasema hivi kwa sababu ya Jumapili moja ya mwaka wangu wa tatu. Saa mbili asubuhi niliitwa nyumba ya tatu kutoka msikitini, yenye vyumba sita vya wapangaji. Fundi viatu wa chumba cha mwisho hakuwa ameonekana tangu Ijumaa. Mlango ulivunjwa mbele ya mwenyekiti na askari, naye akakutwa amelala kitandani, amejifunika shuka hadi kifuani, viatu vya watu vikiwa vimepangwa ukutani kwa jozi. Mwili ulipelekwa hospitali. Askari akanigeukia: "Mwalimu, ndugu zake ni nani?"

Nilikwenda ofisini, nikafungua kamba ya kabati, nikatoa kaunta buku ya pili. Alikuwamo. Jina moja tu, chumba namba sita, mtu mmoja, namba ya simu ambayo ilikuwa ya ile simu iliyokutwa chini ya mto wake na inayofunguliwa kwa namba za siri. Katika safu ya alikotoka palikuwa na neno moja, kwa mwandiko wangu unaosomeka vizuri: "Bara."

Sikumbuki nilivyoliandika. Yawezekana alinitajia wilaya na kijiji na mimi, foleni ikiwa ndefu, nikafupisha. Nilirudi kwenye nyumba ile nikawauliza wapangaji wenzake, na walikuwa watu wema, walikuwa wamekwisha kuchanga fedha ya turubai, lakini walimjua kwa jina la "Fundi" tu. Mwenye nyumba, kwa simu, alimjua kwa kodi yake. Aliyetusaidia ni mama anayekaanga vitumbua nje ya lango, ambaye hakuwa mpangaji pale wala hakuwahi kukanyaga ofisini kwetu. Alikuwa akigeuza vitumbua huku analia, akafuta uso kwa ukingo wa kanga na kusema, "Mwalimu, yule ni Mnyaturu. Jumamosi akipiga simu nyumbani alikuwa anakuja kusimama hapa penye moto, kuna mtandao. Mimi nimezaliwa Singida, namsikia. Alikuwa anamuulizia mama yake kama mtama umeota."

Kwa neno hilo tukapata pa kuanzia. Kulikuwa na muuza mkaa kutoka Singida mtaa wa pili. Yeye akampigia mtu, mtu akampigia mtu, na siku ya tatu kaka wa marehemu akashuka kwenye basi Ubungo na begi dogo. Michango ya mtaa ilitosha sanduku na nusu ya gharama za gari. Nusu nyingine ndugu walimalizia, na viatu vya watu tulivigawa mbele ya ofisi kwa siku mbili, kila mtu akija na kuonyesha vyake.

Baada ya gari kuondoka nilifungua daftari. Nikakata "Bara," nikaandika juu yake jina la kijiji, kata na wilaya kama kaka yake alivyonitajia, na katika safu ya tarehe ya kutoka nikajaza tarehe. Kisha nikamtuma kijana aende kumwita mama wa vitumbua akimaliza kuuza. Alikuja saa tano, amebeba karai tupu, akaniamkia, nami nikamwomba akae kwenye benchi, nikaanzia ukurasa wa kwanza kumsomea majina ya wapangaji mmoja mmoja.